Toe Blake, kapitene aliyepewa kazi ya kutuliza moto wa Montreal

Usiku wa tarehe 17 mwezi wa tatu mwaka 1955, mu muji wa Montreal kule Kanada, vijana walivunja vioo vya maduka, wakaiba vitu, na polisi wakakamata makumi ya watu. Haikuwa siku ya uchaguzi wala mugomo wa wafanyakazi. Sababu ilikuwa muchezaji mumoja wa hoki, Maurice Richard, ambaye wakubwa wa ligi walikuwa wamemukataza kucheza. Miezi isiyofika 3 kisha pale, ekipe yake ya Canadiens ikawa inatafuta kocha mwenye anaweza kumutuliza huyo Richard bila kumuzimisha. Walimuchukua mutu aliyekuwa amecheza bega kwa bega na yeye miaka ya mbele. Jina lake Toe Blake.

Kwa watu wa hapa Mashariki, ambao barafu wanaiona ndani ya frigo ao juu kabisa ya Ruwenzori, hoki ya barafu ni muchezo wa mbali. Ekipe mbili zinaingia juu ya sakafu ya barafu, watu 6 kila upande, golikipa akiwa ndani ya hesabu. Wanateleza na patini, viatu vyenye chuma chembamba chini yake, na kila mutu ana fimbo ya kusukuma paleti. Paleti ni kipande cha kaucho kigumu, cha muviringo, na kinapopigwa kinaruka kama risasi. Kugongana kunaruhusiwa. Ukivunja sheria, arbitri anakutuma kukaa nje dakika 2, na wenzako wanabaki 5 ndani ya barafu mbele ya watu 6. Hizo dakika 2 zikamatwe vizuri kichwani, juu zitarudi mbele katika hadithi hii.

Hector Blake alizaliwa tarehe 21 mwezi wa nane 1912 ku Victoria Mines, kijiji cha wachimba madini katika jimbo la Ontario. Alikomalia Coniston, karibu na muji wa Sudbury, pale nikeli inachimbwa na kuyeyushwa. Mwenye amekaa karibu na mugodi anajua maisha yale: kampuni ndiyo yenye nyumba, ndiyo yenye kazi, na moshi wake unaingia kwa kila mutu bila kubisha mulango. Moshi wa Sudbury ulikausha miti paka milima ikabaki mawe meusi. Lakini baridi ya kule ni ndefu, maji yanaganda, na mutoto wa mufanyakazi angeweza kucheza bila kulipa kitu.

Jina la Toe lilitoka nyumbani. Mudogo wake wa kike alikuwa bado hajui kusema Hector vizuri, akawa anamaliza jina na sauti ya “Toe”. Ni neno lenye maana ya kidole cha muguu kwa Kiingereza, na mutu mwingine angeona haya kulibeba. Yeye alilibeba paka mwisho, na leo ni wachache wanaokumbuka jina la ubatizo.

Kitu kingine alichotoka nacho nyumbani kilikuwa na bei zaidi. Mama yake alikuwa wa ukoo wa Wakanada wanaosema Kifaransa, na Blake alikomaa na lugha zote mbili mudomoni. Mu Montreal ya wakati ule hiyo haikuwa jambo dogo. Watu wengi wa muji walikuwa wa Kifaransa, lakini wakubwa wa benki na makampuni walisema Kiingereza. Hata hoki iligawanyika: Maroons ilikuwa ekipe ya Waingereza, Canadiens ilikuwa ya Wafaransa.

Blake alipitia pande zote mbili. Mwaka wa 1932, akiwa na vijana wa Sudbury, alibeba Kombe la Memorial, ambalo ni kombe kubwa la vijana kule Kanada. Kisha aliingia Maroons, akacheza mechi 8 tu katika musimu wa 1934-35, na ekipe hiyo ikachukua Kombe la Stanley, lile ambalo kila muchezaji wa hoki analota. Kombe la kwanza lilimufikia akiwa zaidi mutazamaji. Mwezi wa pili 1936 alibadilishwa kwa muchezaji mwingine, akavuka upande wa Canadiens. Maroons yenyewe ilikufa mwaka wa 1938.

Canadiens aliyoikuta haikuwa ekipe ya kuogopesha. Hata hivyo, katika musimu wa 1938-39 Blake alimaliza wa kwanza katika ligi nzima kwa pointi 47, yaani mabao 24 aliyofunga na 23 aliyotengenezea wengine, na akapewa zawadi ya muchezaji bora. Musimu uliofuata ekipe ilimaliza ya mwisho kabisa. Muchezaji bora wa ligi akiwa ndani ya ekipe ya mwisho: mutu anaweza kuwaza alivyoishi mwaka ule. Mwaka wa 1940 kocha mupya Dick Irvin alifika, na Blake akafanywa kapitene. Kazi hiyo aliishika miaka 8.

Irvin ndiye aliyeweka watu 3 pamoja katika musimu wa 1943-44: Elmer Lach katikati, Blake upande wa kushoto, na upande wa kuume kijana wa Montreal mwenye macho ya moto, Maurice Richard. Katika musimu ule Canadiens ilipoteza mechi 5 tu kati ya 50. Mechi ya mwisho ya fainali ilikuwa tarehe 13 mwezi wa ine 1944, wakicheza na Chicago. Canadiens ilikuwa nyuma 4 kwa 1, na mashabiki wake wenyewe ndani ya uwanja wa Forum wakaanza kuzomea. Wale watu 3 walirudisha paka 4 kwa 4, na katika dakika za nyongeza Blake mwenyewe akafunga lile la 5. Musimu uliofuata Lach, Richard na Blake walimaliza wa kwanza, wa pili na wa tatu katika hesabu ya pointi za ligi nzima. Ndio ule musimu Richard alifunga mabao 50 katika mechi 50, kitu ambacho hakuna mutu alikuwa amekifanya.

Wengi wanapotaja watu hawa 3 wanamutaja Richard, na ni haki yake. Lakini katika hoki mabao ya namna ile yanataka mutu wa kuingia pembeni, kugongwa na ubao wa uwanja, kuchukua paleti na kuitoa. Blake alifanya kazi hiyo, na alifanya pia ile nyingine isiyohesabiwa: Richard alipopandisha hasira, kapitene ndiye alimushika mukono. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa mukali. Alibishana na maarbitri kila siku. Kumbe katika musimu wa 1945-46 alikaa nje dakika 2 tu mwaka muzima, akapewa zawadi ya muchezaji mwenye adabu. Mwaka huohuo Canadiens ilibeba tena Kombe la Stanley, na bao la ushindi lilitoka kwake.

Tarehe 11 mwezi wa kwanza 1948, ku New York, mupinzani alimugonga, muguu ukavunjika, na kucheza kukaisha pale pale. Alikuwa na miaka 35. Nyuma yake aliacha mechi 577 na mabao 235.

Hakukaa nyumbani kuuguza moyo. Alifundisha Houston, kule Texas, kisha Buffalo, kisha miaka kadhaa Valleyfield, muji mudogo karibu na Montreal. Hayo ni maligi ya chini, safari ya bisi usiku, mushahara wa kujipanga vizuri. Kwa kocha ni masomo. Kule chini huwezi kutegemea kipaji cha wachezaji, lazima ujue kupanga watu na kujua nani anataka kusukumwa, nani anataka kuachwa.

Wakati huo, mu Montreal, Richard alikuwa amekwisha kuwa zaidi ya muchezaji. Kwa Wakanada wa Kifaransa alikuwa mutoto wao aliyewashinda wakubwa. Tarehe 13 mwezi wa tatu 1955, ku Boston, mupinzani alimupasua kichwa na fimbo. Richard alijibu na fimbo, na arbitri musaidizi alipomushika, Richard akamupiga ngumi. Raisi wa ligi, Clarence Campbell, mutu wa Kiingereza, akamufungia mechi 3 zilizobaki na michezo yote ya kugombania kombe. Siku iliyofuata Campbell alikuja mwenyewe kukaa katika Forum kutazama mechi, wakati watu walikuwa wamemutumia vitisho. Walimurushia mayai na nyanya. Mutu mumoja akapasua bomu la moshi wa machozi ndani ya uwanja, mechi ikakatwa, watu wakamwagika barabara ya Sainte-Catherine. Ni radio iliyosaidia kuzima: siku iliyofuata Richard alisema kwenye mikrofoni, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, akaomba watu warudi nyumbani na kwamba atakubali adhabu yake.

Canadiens ilipoteza fainali bila yeye. Irvin, ambaye wengi walisema alikuwa anamuchochea Richard awe mukali zaidi, akaondoka kwenda Chicago. Muongozi wa ekipe, Frank Selke, alikuwa na shida isiyo ya hoki peke yake. Alitaka kocha ambaye Richard atamusikia, ambaye watu wa Kifaransa watamuona kuwa wao, na ambaye wakubwa wa Kiingereza hawatamuogopa. Kenny Reardon, aliyecheza zamani pamoja na Blake na sasa alikuwa ndani ya uongozi, alisukuma jina la mwenzake. Tarehe 8 mwezi wa sita 1955 Blake alitangazwa kocha.

Jinsi alivyofanya inaonekana katika hesabu. Katika musimu wa 1954-55 Richard alifunga mabao 38 na kukaa nje kwa adhabu dakika 125. Katika musimu wa kwanza wa Blake alifunga tena 38, na dakika za adhabu zikashuka paka 89. Mwaka uliofuata zilikuwa 74. Moto ulibaki, moshi ukapungua. Blake hakumuhubiria mbele ya watu. Alijua tangu zamani kwamba huyu mutu ukimukemea mbele ya wengine umemupoteza. Ekipe pia ilimupokea mudogo wa Maurice, Henri Richard, kijana wa miaka 19 aliyepitwa na kaka yake miaka 14 na zaidi, na kaka akawa na sababu nyingine ya kuchunga mwenendo wake.

Canadiens ilibeba kombe mwaka 1956. Ikabeba 1957, 1958, 1959 na 1960. Makombe 5 ya kufuatana, kitu ambacho hakuna ekipe nyingine ya ligi hiyo imefanya, wala mbele, wala nyuma. Wachezaji 12 walikuwa ndani ya yote 5. Mwaka wa 1960 walishinda michezo yao 8 ya kugombania kombe bila kupoteza hata mumoja.

Nguvu yao ilibadilisha hata sheria. Tukumbuke zile dakika 2. Zamani, muchezaji aliyeadhibiwa alikaa nje dakika zote 2 hata kama ekipe yake imefungwa mabao mangapi. Tarehe 5 mwezi wa kumi na moja 1955, Boston ilikuwa imepungukiwa watu, na Jean Béliveau wa Canadiens akafunga mabao 3 katika sekunde 44. Ligi ikaona hiyo ni kuchinja. Kuanzia musimu uliofuata, ukifungwa bao moja katika adhabu ndogo, muchezaji wako anarudi. Sheria hiyo iko paka leo.

Siyo kila pahali Blake aliona mbele. Golikipa wake, Jacques Plante, alikuwa anavaa maski usoni wakati wa mazoezi na alitaka kuivaa pia ndani ya mechi. Blake alikataa. Kwa yeye, golikipa anayefunika uso atakuwa haoni vizuri, na labda ni mwoga. Wakati ule magolikipa wote walisimama uso wazi mbele ya ile paleti. Tarehe 1 mwezi wa kumi na moja 1959, ku New York, Andy Bathgate alipiga paleti ikapasua uso wa Plante. Alishonwa, na akamwambia kocha kwamba bila maski harudi. Ekipe za siku hizo hazikuwa na golikipa wa pili wa kukaa tayari. Blake hakuwa na njia, akakubali. Canadiens ilishinda 3 kwa 1, ikaendelea mechi nyingi bila kupoteza, na kila juma kocha alikosa sababu ya kumuambia aitoe. Mwezi wa tatu 1960 alimuomba ajaribu mechi moja uso wazi, ku Detroit. Walifungwa 3 kwa 0. Maski ikarudi, na magolikipa wengine wakafuata polepole. Blake alikuwa amekosea katika jambo hilo, na faida yake ni kwamba alijua kunyamaza matokeo yaliposema.

Richard aliacha kucheza mwezi wa tisa 1960, akiwa kapitene. Na hapa ndipo hadithi inapinda. Musimu uliofuata, tarehe 26 mwezi wa tatu 1961, Canadiens ilicheza ku Chicago katika nusu fainali. Mechi ilienda paka nyongeza ya tatu. Arbitri Dalton McArthur alimutuma muchezaji wa Canadiens nje, na Chicago ikafunga wakati huohuo. Blake alitoka kwenye benchi, akavuka barafu na viatu vyake vya kawaida, akamurushia ngumi arbitri mbele ya watu wote. Miaka 6 tu ilikuwa imepita tangu Richard afungiwe kwa kosa la namna ileile. Ligi, ambayo raisi wake alikuwa bado Campbell, ilimulipisha dola 2.000, lakini haikumufungia. Ilikuwa franga nyingi kwa wakati ule, ndiyo, ila ni vigumu kusema kwamba muchezaji na kocha walipimwa na mizani moja. Chicago ilishinda ile nusu fainali, kisha ikabeba kombe.

Tangu siku hiyo ilikuwa wazi kwamba mutu aliyetumwa kutuliza hasira ya mwengine alikuwa amebeba yake kifuani muda wote. Waliomujua walisema siku ya mechi hakuwa mutu wa kusogelea. Nyuma ya benchi alisimama na kofia yake kichwani, anatafuna, anatembea, anapiga kelele. Kushinda hakukumupumuzisha, juu mu Montreal kombe la jana ni deni la kesho.

Miaka ya 1960 ekipe ilivunjika na kujengwa upya. Doug Harvey, mulinzi bora wa wakati wake, aliondoka 1961, Plante akauzwa 1963. Blake alifinyanga watu wapya kumuzunguka Béliveau na Henri Richard, akabeba kombe 1965 na 1966. Tarehe 11 mwezi wa tano 1968 Canadiens ilimaliza St. Louis kwa mechi 4 kwa 0, na usiku huohuo, wakati wachezaji bado wanamwaga shampanye, Blake alisema anaacha. Alikuwa na miaka 55. Hakuna mutu alimufukuza. Mukazo ulikuwa umemushinda, na yeye mwenyewe hakuuficha. Katika misimu 13 alikuwa ameongoza mechi 914, akashinda 500, na kubeba makombe 8.

Mu muji alibaki mutu wa watu. Alikuwa na baa yenye jina lake, si mbali na Forum, pale wafanyakazi na wachezaji wa zamani walikunywa bia wakibishana juu ya mechi. Mwaka wa 1982 serikali ya Kanada ilimupa nishani ya heshima ya taifa. Katika miaka ya mwisho ugonjwa wa Alzheimer ulimuchukua kidogo kidogo. Mutu aliyejua kila muchezaji, kila pembe ya uwanja, kila kosa la kila arbitri, akafika pahali pa kutotambua nyuso za waliokuja kumusalimia. Alifariki Montreal tarehe 17 mwezi wa tano 1995, akiwa na miaka 82.

Kocha aliyekaa upande wa St. Louis usiku ule wa 1968 alikuwa Scotty Bowman, kijana wa Montreal aliyejifunzia kazi ndani ya nyumba ya Canadiens wakati Blake alikuwa mukubwa pale. Bowman alifikia makombe 8 mwaka wa 1998, na mwaka wa 2002, akiwa na Detroit, akabeba la 9.